Geuza Nyuma Kwanza: Jinsi ya Kukusanya Stika za Zamani za Maboksi ya Cracker Jack

Stika ya kwanza niliyonunua niliiharibu siku hiyohiyo. Ilikuwa na ukubwa wa stempu mbili, picha ya mbwa aliyevaa miwani, na kona yake moja ilikuwa imeinuka kidogo kutoka kwenye karatasi ya mgongoni. Nikaona niirudishe mahali pake. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, gundi iliyokauka miaka mingi ikavunjika kama ukoko, na sikio la mbwa likabaki kidoleni mwangu. Picha haikuwa na kasoro yoyote. Ubovu ulikuwa upande wa pili, ambao sikuwa hata nimeugeuza kuutazama.

Kwa hiyo nikikuonyesha namna ya kukusanya vitu hivi, nitakuwa nakurudisha mgongoni kila mara. Mbele ya stika kuna kichekesho. Nyuma ndiko kwenye umri, gundi, jina la kampuni na mara nyingi ushahidi wa udanganyifu.

Kwa asiyeijua, Cracker Jack ni bisi na karanga zilizovikwa sukari ya molasi. Walioianzisha ni ndugu wawili wa Chicago, Frederick na Louis Rueckheim, na jina lilisajiliwa mwaka 1896. Kuanzia 1912 kila boksi liliwekewa zawadi ndani. Kwa miaka zaidi ya mia moja zikapita zawadi za bati, za karatasi, za plastiki, kisha karatasi tena, na humo ndimo stika zilimo. Mwaka 2016 zawadi za kushika mkononi ziliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na msimbo wa QR wa kufungulia mchezo kwenye simu. Tunaokusanya hatukufurahi, ila bei za vitu vya zamani hazikulalamika.

Hatua ya 1: Amua unakusanya kitu gani hasa

Wauzaji huita "stika" kila karatasi ndogo yenye rangi. Usifuate lugha yao. Ndani ya maboksi haya kuna angalau familia nne, na kila moja inazeeka kivyake.

Kuna za kulamba, zenye gundi kavu nyuma kama stempu ya posta. Kuna picha za kuhamisha, unazolowesha kwa maji na kuzibandika kwenye ngozi au daftari. Kuna stika za kubandua, zenye karatasi laini ya mgongoni inayoteleza. Halafu kuna za mbwembwe: zinazong'aa gizani, zenye rangi za upinde wa mvua ukizigeuzageuza kwenye mwanga, zilizovimba kama mto mdogo, na zile za plastiki yenye mistari, ambazo picha hubadilika ukiinamisha mkono.

Mimi nilianza kwa kukusanya zote, na baada ya miezi michache nilikuwa na takataka nzuri. Chagua familia moja, au mada moja, au kipindi kimoja cha umiliki wa kampuni. Ukichagua kipindi, utapata faida ya ziada: utazoea harufu ya karatasi yake, uzito wake, hata aina ya wekundu uliotumika, na kitu kigeni kikiingia kati utakihisi kabla hujajua kwa nini.

Jambo moja la kukuokoa pesa: ukitafuta stika za kuchekesha za miaka ya 1970 utakutana na Wacky Packages za Topps kila kona. Ni nzuri, zina wakusanyaji wake na orodha zake kamili, lakini hazikutoka kwenye boksi la bisi. Zilikuja na bazoka, yaani ubani wa kutafuna. Anayekuuzia kama za Cracker Jack ama hajui, ama anajua vizuri sana.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma mgongo

Hapa ndipo nitakaa.

Funzo zuri kuliko yote halitoki kwenye stika bali kwenye kadi za besiboli ambazo Cracker Jack ilitoa mwaka 1914 na 1915. Za 1914 zilikuwa 144, za 1915 zilikuwa 176, na kwa mbele nyingi zinafanana kama mapacha: wachezaji walewale, wekundu uleule nyuma ya mchezaji. Ukiigeuza kadi utaona tofauti. Za 1915 maandishi ya nyuma yamechapwa kichwa chini ukilinganisha na picha ya mbele; za 1914 yamekaa wima. Tena za 1914 zilipatikana ndani ya boksi tu, zikakaa kwenye sukari, kwa hiyo nyingi zina madoa. Mwaka uliofuata mtu aliweza kuagiza seti nzima kwa posta, na ndiyo maana za 1915 zilizo safi hupatikana kwa urahisi zaidi. Mbele hakuna kitu cha kukuambia hayo yote.

Sasa ilete akili hiyo kwenye stika. Geuza na utafute haya.

Jina la kampuni. Likiwa kwenye stika, kwenye kibahasha chake au kwenye boksi lililokuja nalo, limekupa kipindi. Rueckheim Bros. & Eckstein ni kabla ya 1922. The Cracker Jack Company ni kuanzia 1922. Borden ilinunua kampuni mwaka 1964 na kuishikilia hadi 1997, ilipoingia mikononi mwa Frito-Lay. Stika nyingi za kubandua utakazokutana nazo ni za siku za Borden. Ila zipo zawadi zisizo na jina lolote, na hapo ndipo uongo hujificha, kwa sababu kwa Wamarekani wengi "zawadi ya Cracker Jack" imekuwa jina la kila kidude kidogo cha bei rahisi.

Anwani. Ikiwa kibahasha au boksi lina anwani ya Marekani yenye tarakimu tano za posta mwishoni, halikuchapwa kabla ya Julai 1963, kwa kuwa mfumo huo wa ZIP ulianza mwezi huo. Ukiona namba ya tarakimu moja au mbili katikati ya jina la mji na la jimbo, uko kati ya 1943 na mwanzo wa miaka ya 1960.

Mistari ya bei. Msimbopau wa kwanza wa aina hii ulisomwa dukani Juni 1974, huko Troy, Ohio, kwenye pakiti ya ubani. Boksi lenye mistari hiyo haliwezi kuwa la 1968, hata muuzaji aape.

Gundi. R. Stanton Avery alianza kutengeneza lebo za kubandua mwaka 1935 huko Los Angeles. Anayekuonyesha stika ya kubandua na kuiita ya miaka ya 1920, mshukuru kwa muda wake. Ya kulamba, sawa, inawezekana.

Mkato. Karatasi ya mgongoni mara nyingi huwa na mstari uliokatwa ili mtoto apate pa kuanzia kubandua. Uchunguze kwa kioo cha kukuzia. Kwenye stika ya zamani ambayo haijaguswa, kingo za mkato zimelala pamoja na vumbi limejipanga humo kama uzi wa kijivu. Mkato uliofunguliwa na kurudishwa una kingo zilizoinuka kama midomo. Mtu amebandua, akajuta, akarudisha, na stika hiyo haistahili bei ya isiyoguswa.

Hatua ya 3: Vifaa

Huhitaji vingi. Kioo cha kukuzia cha mara kumi, kibano chenye ncha bapa (si kali), brashi laini ya kuchorea, taa nzuri ya mezani, na tochi ndogo ya UV ya kukagulia noti. Ongeza penseli. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo.

Glavu za pamba siziungi mkono. Zinaondoa hisia za vidole na nyuzi zake hunasa kwenye kona. Osha mikono, ikaushe kabisa, shika kwa kingo.

Hatua ya 4: Kununua bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Soko kubwa ni eBay, minada midogo, na mauzo ya vitu vya nyumba za Marekani pale familia inapofungua dari na kukuta boksi la viatu lililojaa utoto wa mtu. Stika moja ya kawaida ya miaka ya 1970 au 1980 ni kitu cha dola chache. Posta ikizidi bei ya stika, na itazidi, nunua kwa fungu.

Fungu lina raha yake. Picha ni moja, yenye ukungu, vitu hamsini vimerundikwa, na muuzaji ameandika "vitu vya zamani". Ndani yake mara nyingi kuna vitatu vizuri. Nitakwambia ninavyofanya: naomba picha mbili tu. Ya kwanza, vyote vimepangwa na kugeuzwa nyuma. Ya pili, kitu kimoja ninachokichagua mimi, kwa karibu, kikiwa kimeinamishwa kwenye mwanga. Muuzaji mwaminifu hutuma. Anayejibu kwamba nyuma "hakuna kitu" amenijibu vya kutosha.

Mwanga wa kuinamisha hufichua makunyanzi na mawimbi ambayo mwanga wa mbele huyafuta. Mawimbi katika stika ya kulamba maana yake imeonja unyevu.

Ikifika, ipitishe kwenye kioo kabla hujaachia muuzaji sifa njema. Machapisho ya kiwandani ya enzi hizo yana nukta zilizopangwa kwa utaratibu; rangi zikikutana nukta hufanya maua madogo madogo, mviringo baada ya mviringo. Printa ya wino ya nyumbani hunyunyiza nukta ovyo, kama mchanga uliomwagika. Printa ya leza huacha unga uliokaa juu ya karatasi, na kingo za herufi huwa na chembe zilizotapakaa pembeni. Ukishaona mara moja tofauti hiyo, hutaisahau.

Halafu zima taa, washa tochi ya UV. Karatasi nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 zina kemikali za kung'arisha weupe, na chini ya mwanga huo huwaka rangi ya samawati. Stika inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1930 ikiwaka hivyo, ina maswali ya kujibu. Kinyume chake si kweli: isipowaka haijathibitisha uzee, kwa sababu hata leo zipo karatasi zisizo na kemikali hizo. Watu wengi huisahau nusu hii ya pili, na waghushi wanaijua.

Niliwahi kununua "seti kamili" ya stika sita zenye rangi mbichi kabisa, kila moja ikiwa imenyooka kama imepigwa pasi. Nilifurahi jioni nzima. Asubuhi nikazipanga kando kwa kando nikaona doa lilelile dogo la kahawia kwenye kona ileile ya stika nne tofauti. Doa lilikuwa limechapwa! Aliyezinakili hata uchafu hakuuacha.

Hatua ya 5: Ikifika mikononi

Usiibandue na usiibonyeze. Usiisafishe kwa maji, wala kifutio, wala mate. Vumbi liondoe kwa brashi, ukitoka katikati kwenda nje, ili usiliingize chini ya kona iliyoinuka.

Doa la sukari liache. Ni sehemu ya historia ya kitu, na kila dawa ya kuliondoa huchukua wino pamoja nalo. Ninachokiogopa kwenye sukari ni wadudu. Boksi au kibahasha chenye mabaki ya bisi kikae peke yake ndani ya mfuko unaofungika kwa wiki kadhaa kabla ya kukutana na wenzake, ukikichungulia mara kwa mara. Mende hajali kwamba ni kumbukumbu ya mtu.

Stika mbili zikifika zimeshikana, jibu hutegemea zilivyoshikana. Zile zilizovimba, za plastiki, hunatana zenyewe kwa sababu mafuta yanayoilainisha plastiki hutoka polepole yakawa gundi ya pili. Zikunje kidogo sana kuelekea nje, zikikataa, ziache. Za kulamba zilizoshikana kwa unyevu ni kazi ya mhifadhi wa karatasi mwenye mafunzo. Mvuke wa birika ambao watu hushauriana utatenganisha karatasi, kweli, na utaiyeyusha gundi yote ambayo ndiyo uliyokuwa ukiilipia.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Picha kwenye stika inaweza kuishi muda mrefu sana gizani. Gundi haiwezi. Gundi nyingi za kubandua za zamani zilitokana na mpira, na mpira hula hewa ya oksijeni: kwanza hulainika na kuvuja pembeni kama jasho, baadaye hugeuka manjano, mwishowe hukauka na kuachia. Huwezi kuzuia safari hiyo. Unaweza kuipunguza mwendo.

Joto ndilo linaloikimbiza. Weka mkusanyiko sehemu yenye baridi ya wastani isiyobadilikabadilika, karibu nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi kama unaweza, na unyevu wa hewa kati ya asilimia 35 na 50. Kama huwezi kufika huko, basi angalau epuka dari, stoo yenye ukuta unaotoka maji, na juu ya friji. Kabati la chumba cha kulala, mbali na ukuta wa nje, limewashinda wengi wenye vifaa vya gharama. Vipakiti vya kunyonya unyevu husaidia, mradi uvibadilishe. Vikishajaa maji ni mapambo.

Mwanga uondoe kabisa. Wekundu na manjano hufifia mapema, ndiyo maana stika iliyokaa ukutani hubaki na ubluu wa mgonjwa. Za kung'aa gizani usizichaji kwa tochi kila mgeni akija.

Albamu: hapa nilipoteza vitu ishirini hivi. Niliziweka kwenye albamu ya picha yenye kurasa laini, zinazong'aa, zenye ile harufu ya pazia jipya la bafuni. Harufu ile ni ya plastiki iitwayo PVC. Baada ya miaka miwili kurasa zilikuwa na utelezi, na nilipovuta stika, uso wake ulibaki umeng'ang'ania plastiki. Nunua kurasa za poliesta, polipropilini au polithini zilizoandikwa wazi kwamba hazina PVC. Zikinukia kali, zirudishe dukani.

Kila stika ipate mfuko wake. Kama gundi imeanza kuvuja pembeni, weka kipande cha karatasi ya kuokea iliyopakwa silikoni mbele na nyuma kabla ya kuiingiza. Gundi haishiki silikoni. Karatasi ya nta isitumike badala yake, nta huhamia kwenye stika. Zilizovimba zipange zikiwa zimelala, safu moja, bila kitu juu. Za plastiki yenye mistari zikae zikiwa zimenyooka, maana zikijikunja hazirudi vizuri na picha mbili huanza kuonekana kwa wakati mmoja.

Pini, klipu za chuma na mikanda ya mpira visiingie nyumbani mwa karatasi. Mkanda wa mpira hasa: hukauka, hunata, huacha mstari wa kahawia usiotoka.

Hatua ya 7: Andika

Piga picha pande zote mbili kwa skana, mwanga mdogo, mara moja, na usirudie. Kwenye faili la Excel au daftari andika vipimo kwa milimita, rangi ya karatasi ya mgongoni, maandishi yote hata yasiyo na maana, namba yoyote ndogo iliyochapwa pembeni, ulinunua lini, kwa kiasi gani, katika fungu gani. Kipengele cha mwisho kina faida kuliko kinavyoonekana. Stika isiyo na jina ikija kwenye fungu moja na tano zenye jina, karatasi ileile na mkato uleule, una hoja. Ukiitenganisha bila kuandika, hoja imekufa.

Namba za rekodi ziandike kwenye mfuko, kabla ya kuingiza stika.

Hatua ya 8: Kibahasha ambacho hakijafunguliwa

Mapema au baadaye utapata kibahasha cha zawadi kilichofungwa bado. Kimekuwa hivyo tangu kilipotoka kwenye boksi. Mtoto alikiweka mfukoni akasahau, au alikuwa na viwili akafungua kimoja. Kukifungua ni kushusha bei yake, na ndani pengine mna filimbi ya plastiki.

Unaweza kukichungulia bila kukifungua. Kiweke juu ya kioo chenye taa chini yake, au skrini nyeupe ya simu, uongeze mwanga. Karatasi ni nyembamba. Stika ya kubandua huonekana kama kivuli cha mraba chenye mstari mwembamba ulioikata: ule mkato wa mgongoni. Ya kulamba ni kivuli kimoja kisicho na mstari. Kilichovimba huonekana cheusi katikati na chepesi kingoni.

Ninavyo viwili vya siku za Borden, vya muundo mmoja. Kimoja nilikifungua kwa wembe kwenye ukingo wenye gundi, nikakuta chura wa kung'aa gizani, mgongo mweupe kabisa, mkato haujawahi kuguswa. Cha pili nimekimulika mara mbili. Kina mstari.